Pweza Anayeiokoa Dunia

Leo sikuletei bajeti wala muswada wa sheria. Nakuletea pweza. Alijitokeza mwaka 1988 kwenye kompyuta za MSX, katika mchezo wa video wa kampuni ya Kijapani ya Konami ulioitwa Parodius, ambao jina lake refu latangaza bila haya kwamba pweza ndiye anayeiokoa dunia. Nimeucheza mchezo huo na jamaa zake kwa miaka mingi, na kwa miaka hiyo hiyo nimeulizwa na wenzangu wa chuoni, wengine kwa upole, wengine kwa jicho la pembeni: "Daktari, mtu wa umri wako na elimu yako, unatafuta nini huko?" Swali ni halali. Wengi hutarajia nijibu kwamba napumzisha akili. Asiyewahi kuushika mchezo wa namna hii ndiye pekee awezaye kudhani kwamba unapumzisha akili.

Ili kuielewa dhihaka, sharti kwanza umjue anayedhihakiwa. Mwaka 1978 mhandisi Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito aliwapa Wajapani, na punde dunia nzima, Space Invaders: safu za viumbe wa anga za mbali zinashuka hatua kwa hatua, nawe uko chini na mzinga mmoja. Kadiri unavyowapunguza ndivyo wanavyoongeza kasi. Jambo hilo lilitokana na mashine yenyewe, ambayo ilipata wepesi kila ilipobakiwa na vitu vichache vya kuchora. Lakini mchezaji aliyesimama mbele yake hakuona mashine, aliona adui anayekasirika. Kutoka hapo ukazaliwa ukoo mzima wa michezo ya kufyatua risasi angani. Mwaka 1985 Konami ikatoa Gradius, ambamo chombo kimoja cha anga, Vic Viper, kinaikabili dola nzima ya Bacterian. Kuna volkano zinazorusha mawe, kuna vichwa vya mawe vya Kisiwa cha Pasaka vinavyotema pete, kuna ngome mwishoni. Hakuna anayecheka. Ni utenzi wa vita wenye shujaa asiye na uso.

Sasa Parodius, jina lililofumwa kwa kuunganisha Gradius na neno la Kizungu la mwigo wa kejeli, ni utenzi ule ule uliovalishwa nguo za sherehe. Toleo la mwaka 1990, lililotengenezwa kwa mashine za kuingiza sarafu, lilipewa jina dogo lenye maana ya "kutoka visasili hadi vichekesho", na jina hilo halidanganyi. Waweza kurusha chombo cha zamani, au pweza, au pengwini. Mahali pa meli za kivita inakuja merikebu ya maharamia yenye kichwa cha paka. Mahali pa jemadari anakuja nguruwe mcheza sumo. Anatokea tai mkubwa aliyejipamba kwa nyota na mistari ya bendera ya Marekani. Anapita mcheza dansi wa kike, mrefu kuliko skrini, nawe huna budi kupenya chini ya miguu yake kabla hajaiweka chini. Nyuma ya vurugu hiyo zinapigwa tungo za watunzi wakubwa wa Ulaya, Tchaikovsky miongoni mwao, zikiendeshwa mbio kana kwamba okestra nzima inawahi basi la mwisho. Kuna hata kengele ambayo, ukiipiga risasi mpaka ikageuka rangi nyeupe, hukupa kipaza sauti. Basi badala ya risasi unamrushia adui maneno ya upuuzi, na maneno yale yanaua.

Nilipata kuishi Tokyo kwa muda mfupi, na jioni moja niliingia katika jumba la michezo huko Akihabara ambako mashine hizi bado zinafanya kazi kwa sarafu ya yen 100. Kwenye Parodius alikuwepo bwana wa makamo yangu, suti nyeusi, tai haijalegezwa, mkoba wa kazini umebanwa baina ya miguu. Pengwini wake alikuwa akipambana na kundi la pengwini wengine waliovaa kama wachezaji wa tamasha. Nilimtazama bwana yule kwa takriban nusu saa. Hakutabasamu hata mara moja. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesahihisha hesabu za benki.

Uso ule ndio ulionifungulia jambo nililokuwa nikilipapasa. Tumezoea kudhani kwamba mzaha ni ulegevu, kwamba pale kicheko kinapoingia masharti hutoka. Parodius inafanya kinyume. Imebadilisha sura zote za Gradius lakini sheria imeziacha palepale, na pengine imezikaza zaidi. Silaha zako zimepangwa kwenye mstari chini ya skrini. Kila kidonge unachookota kinasogeza alama nafasi moja, nawe unaamua usimame wapi. Ukifa, unapoteza vyote, unarudi ukiwa mtupu na mzito mahali ambapo hata mwenye silaha zote alikuwa akitetemeka. Zaidi ya hayo, mashine inakupima kimyakimya: kadiri unavyojilimbikizia nguvu na kuishi muda mrefu ndivyo adui anavyoongezewa risasi. Mwenye nguvu hapewi raha. Na mwishoni mwa ule mstari wa silaha waundaji wametega nafasi yenye alama ya kushangaa na kuuliza. Anayeifikia kwa pupa akaibonyeza ananyang'anywa kila alichokusanya. Nimewahi kuwaza kwamba nafasi hiyo ingefaa kuwekwa kwenye fomu za tamko la mali za viongozi, lakini hayo tuyaache.

Wapo wanaoitazama michezo hii na kusema, basi, hao ndio Wajapani, watu wa mambo ya ajabu. Maelezo hayo ni mavivu, nayo yanamfanya mgeni ajione ameelewa ilhali ameshangaa tu. Mambo haya yana nasaba. Katika ukumbi wa noh, michezo mifupi ya kuchekesha iitwayo kyogen huchezwa baina ya tamthilia moja nzito na nyingine, siku ile ile, jukwaa lile lile. Noh huleta mizimu ya wapiganaji na majuto yao. Kyogen humleta mtumishi Taro Kaja, ambaye bwana wake akisafiri yeye huiendea pombe yake. Aliyelia na aliyecheka ni watazamaji wale wale, na mchekeshaji amefunzwa tangu utotoni kwa ukali uleule wa mwenzake wa majonzi. Ukirudi nyuma zaidi, liko hekalu la Kozan-ji huko Kyoto linalomiliki hati za michoro za karne ya 12 na 13 zijulikanazo kama Choju-giga. Humo sungura na vyura wanapigana mieleka, na nyani aliyevaa mavazi ya kitawa anamwendeshea ibada chura aliyeketi mahali pa Buddha. Nirudie: hati hizo ni mali ya hekalu. Watawa hawakuzichoma.

Kwa hiyo Konami ilipoichukua Gradius, fahari yake yenyewe, ikaikabidhi kwa pweza, haikuwa ikifanya jambo geni katika nchi yake. Ilikuwa ikifanya kyogen baada ya noh. Mshindani angaliifanyia dhihaka hiyo tungeiita kejeli ya biashara. Ilitoka ndani ya nyumba, na hilo ndilo linalonivuta kuliko pengwini wote.

Wanafunzi wangu wa uchumi wa siasa huwafaa zaidi mchezo mwingine, Fantasy Zone wa kampuni ya Sega, wa mwaka 1986. Ni mchezo wa rangi laini kama peremende, na chombo chake, Opa-Opa, kina mabawa na miguu midogo kama kifaranga. Wavamizi wanapora fedha za sayari ili kujijengea jeshi. Kila adui unayemwangusha anadondosha sarafu, nazo unazipeleka dukani kununua injini na mabomu. Ila kila ununuapo kitu, bei yake inapanda, na silaha kali uliyoinunua kwa fedha nyingi ina muda mfupi kisha inatoweka. Sijapata njia bora ya kumweleza kijana wa miaka ishirini hisia ya afisa manunuzi mwezi Juni. Na mwisho wa yote, baada ya safari nzima, Opa-Opa anagundua kwamba kiongozi wa wavamizi ni baba yake mzazi.

Wa tatu ni Cho Aniki wa mwaka 1992, uliotolewa na kampuni ya Masaya kwa mashine ya PC Engine, nao siupendekezi kwa kila mtu. Umejaa wanaume waliotunisha misuli, karibu utupu, wakirusha miale kutoka utosini. Hadithi yake, hata hivyo, naiweka juu ya vitabu kadhaa vya ubeberu nilivyolazimika kuvisoma: yupo mfalme aliyetwaa ubingwa wa kutunisha misuli mara nyingi mfululizo, akiba yake ya protini imemwishia, basi anaanza kuvamia sayari za wengine ili apate protini. Ondoa protini, weka bidhaa yoyote ya karne ya 19.

Nimesema kuhusu yule tai wa bendera. Mwaka 1990 Japani ilikuwa katika hali ya pekee. Mkataba wa Plaza wa mwaka 1985 ulikuwa umeipandisha thamani yen. Soko la hisa la Tokyo lilifika kilele chake siku za mwisho za Desemba 1989, kisha likaanza kuporomoka. Na ugomvi wa kibiashara na Washington ulikuwa habari ya kila siku. Sidai kwamba waundaji waliketi wakaandika waraka wa sera ya nje. Nadai tu kwamba kijana wa Osaka aliyeingiza sarafu yake mwaka huo alimjua tai yule kabla hajarusha risasi ya kwanza. Taifa ambalo usalama wake ulikuwa mikononi mwa mwenye bendera ile lilikuwa linamcheka mlinzi wake, hadharani, kwa yen 100.

Niliwahi kuyaeleza haya semina moja, nikaonyesha na kipande cha mchezo chenyewe. Tulicheka kwa paka, tukacheka kwa tai. Alipopita yule mcheza dansi mrefu, mwanafunzi mmoja wa kike wa mwaka wa tatu aliinua mkono akauliza: "Samahani mwalimu, huyo dada yeye anacheka na nani?"

Darasa lilinyamaza. Swali lile nimelibeba tangu siku hiyo, nalo limenirudisha kwenye kitu ninachokijua kuliko kyogen, yaani utani wetu. Mnyamwezi na Mzaramo wanatukanana msibani, na hakuna polisi anayeitwa. Lakini utani una masharti yake. Mtani anayemcheka marehemu wako, kesho utamcheka wa kwake. Tena mtani huyo anayefanya vituko pembeni ya jeneza ndiye mwenye wajibu wa kushika jembe na kuzika. Kicheko chake kina deni ndani yake. Asiye na haki ya kujibu si mtani wako, huyo unamwonea.

Kwa kipimo hicho, Konami kuicheka Gradius ni utani halali, maana anayecheka na anayechekwa ni mmoja. Tai wa Marekani ana vinywa vya kujibu vya kutosha. Yule mcheza dansi hana chombo, hana silaha kwenye mstari, hachaguliki na mchezaji; yupo ili vyombo vipite chini yake na vijana wachekelee. Hapo mchezo ninaoupenda unafanya kile kile ninachokiona katika vikao vyetu. Mkubwa akitania kikaoni, meza nzima hucheka, na anayetaniwa hucheka kwa sauti kuliko wote. Mdogo akitania, huandikiwa barua ya kujieleza. Tunaita hali hiyo uchangamfu wa kazini. Wako makatibu muhtasari ambao wangeweza kutueleza jina lake halisi, kama kikao kingewapa nafasi.

Sikuwa na jibu la kumfutia mwanafunzi yule swali lake, wala sidhani lilihitaji kufutwa. Nilichofanya ni kumwonyesha mwisho wa Gradius ya mwaka 1985, ile ya heshima, isiyo na paka wala pengwini. Unavuka volkano, vichwa vya mawe na ngome yenye kuta zinazokubana, unapoteza vyombo, unaanza upya, mpaka unafika kwa mtawala mwenyewe wa dola ya Bacterian. Ni ubongo mmoja mkubwa, umeshikiliwa na mirija, umetulia. Haurushi hata risasi moja. Majeshi yote yale yalikuwa yakiulinda ubongo usioweza kusogea.

Yeye alicheka kabla yangu, kisha akaomba nimpishe ajaribu.