Kwale, mji wenye jina la ndege wa mwindaji

UKIPANDA matatu pale Likoni na kufika Kombani, barabara ya Kwale inakata kulia na kuanza kupanda. Minazi inapungua, upepo unaanza kuwa na ubaridi, na kabla abiria hajamaliza kutafuna mahindi yake ya kuchoma amekwisha kufika mjini Kwale, makao makuu ya kaunti, juu ya vilima vya Shimba. Kutoka Mombasa ni kilomita 30 hivi tu. Wageni wengi hawafiki huku. Wao hunyoosha moja kwa moja hadi Ukunda na Diani, kwenye mchanga mweupe na mahoteli, nao wenyeji wa Kwale wamekwisha kuzoea kupitwa.

Waulize wenyeji jina la mji wao limetoka wapi, na wengi watakwambia ni yule ndege aitwaye kwale, ambaye zamani alijaa katika nyasi za vilima hivi. Kwale ni jamaa ya kuku. Anakaa chini, hukimbia kuliko kuruka, na asubuhi kabla jua halijatoka vizuri hupiga kelele utadhani anagombana na jirani. Hapa kuna wa namna mbalimbali. Yupo mwenye koo jekundu lisilo na manyoya na miguu myekundu, ambaye huwa na uzito wa nusu kilo hadi karibu kilo moja. Yupo pia mdogo wake mwenye kishungi, ambaye husimamisha mkia kama jogoo wa kienyeji na kuimba wawili wawili, dume na jike.

Pamoja nao wapo kanga. Yule wa kawaida mwenye pembe kichwani hukaa maeneo ya wazi na mashambani. Msituni hukaa kororo, ambaye kichwani ana nywele nyeusi za kujikunja kama aliyetoka saluni. Inasemekana kuwa hata ile nguo ya kina mama iliitwa kanga kwa sababu ya madoadoa ya ndege huyu, ingawa sisi watu wa pwani ya Kenya tunapenda zaidi kuiita leso.

Ndege kama hawa ndio waliowaleta huku wawindaji wenye bunduki za marisau. Mzee mmoja wa kijiji kilicho kando ya msitu, aliyeomba jina lake lisiandikwe gazetini, alimweleza mwandishi huyu kuwa katika miaka ya 1960, akiwa kijana mdogo, kazi yake ilikuwa kuwabebea wageni mfuko wa risasi na kuwaokotea ndege walioanguka. Bwana mmoja aliyemfuata mara nyingi alikuwa na bunduki nyembamba, nyepesi, ya mitutu miwili. Wenzake wenye bunduki nene walikuwa wakimcheka asubuhi. Kufikia saa sita mchana, jua likiwa utosini, walikuwa wakimwonea wivu.

Mzee hakujua hesabu ya bunduki ile, lakini kwa maelezo yake ilikuwa ama geji 20 au geji 28. Na hapa inafaa tueleze, maana wengi wetu tunasikia maneno haya katika sinema tu.

Bunduki ya marisau haitoi risasi moja. Hutoa punje nyingi ndogo kwa pamoja, nazo hutawanyika kadiri zinavyokwenda. Upana wa mtutu wake hupimwa kwa njia ya kale ya Waingereza. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, yaani gramu 453, uigawe iwe gololi 12 zilizo sawa. Mtutu ambao gololi moja kati ya hizo inaingia sawasawa ndio geji 12. Ukiigawa ratili ile iwe gololi 20, kila moja inakuwa ndogo zaidi, na huo ndio mtutu wa geji 20. Kwa hiyo namba ikipanda, bunduki inakuwa nyembamba. Geji 12 ina upana wa milimita 18.5, geji 20 milimita 15.6, na geji 28 milimita 14. Iko nyingine ndogo zaidi, ambayo hupimwa kwa sehemu ya inchi, nayo ni .410, kama milimita 10.4 hivi. Hiyo watu wengi huwanunulia watoto wanaojifunza, na kwa maoni ya wajuzi hapo ndipo wanapokosea.

Kosa liko katika idadi ya punje. Kwa hesabu ya Waingereza, gramu 28 za marisau namba 6 ni punje 270 hivi. Geji 20 inaweza kubeba kiasi hicho bila taabu. Geji 28 kwa kawaida hubeba gramu 21, yaani punje kama 200. Bunduki ya .410 mara nyingi hubeba gramu 14 tu, punje 135. Punje zikiwa chache zinaacha mianya mikubwa, na ndege aliye umbali wa hatua 35 anaweza kupita katikati yake, au, jambo baya zaidi, akapigwa punje moja tumboni na kwenda kufia kichakani asikookotwa. Kwa hiyo .410 ni bunduki ya bingwa anayejua kumngoja ndege akaribie. Kumkabidhi mwanafunzi ni kumpa mtihani wa darasa la nane akiwa chekechea.

Mwenye kutaka bunduki ndogo ya ndege wa nyasini basi huishia kwenye geji 20. Uzito wake ni kilo 2.7 hivi, ilhali nyingi za geji 12 hupita kilo tatu. Tofauti hiyo dukani haionekani, lakini mtu akitembea kilomita kumi na mbili katika nyasi za kufika kiunoni, kila gramu anaihesabu. Tena kwale haruki kwa adabu. Hujilaza hadi karibu umkanyage, kisha analipuka kwa kishindo. Mtutu mwepesi huinuliwa upesi na pia haulipigi bega sana. Mdomo wa mtutu haufai kubanwa mno, kwa kuwa ndege wengi hupigwa karibu. Mbano mdogo, wanaouita choki, unatosha. Kwa kwale hutumiwa marisau namba 6 au 7, na kwa kanga, ambaye ana zaidi ya kilo na manyoya magumu, namba 5 au 4. Kubwa kuliko yote ni kitako cha bunduki kulingana na urefu wa mkono wa mwenyewe. Bunduki ya bei kubwa isiyokukaa begani haina tofauti na kiatu cha mwenzio.

Msomaji asije akadhani makala haya yanampeleka porini na bunduki. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama Mei 1977. Ndege wa kuwindwa waliachwa, na kwa miaka mingi baadaye watu waliendelea kuwapiga kwa leseni. Kisha ikaja Sheria ya Wanyamapori ya 2013, ambayo ilifanya uwindaji wa michezo na burudani kuwa kosa. Hata kuwinda kwa ajili ya kitoweo ni kosa, na kuuza nyama ya porini vilevile. Mwenye bunduki ya marisau yenye cheti halali leo hulengea sahani za udongo zinazorushwa hewani. Na aliyeachiwa bunduki na marehemu baba yake asiifiche darini akisema ni ukumbusho. Ni lazima ipelekwe polisi na utaratibu wa leseni ufuatwe.

Bunduki ziliondoka, lakini kororo hawakupumzika. Adui wao katika vilima hivi ni tanzi. Waya mmoja wa baiskeli au uzi wa nailoni hufungwa kwenye kijiti katika njia ya wanyama, na hapo hauchagui. Hunasa kororo, hunasa paa, hunasa mbwa wa jirani. Yule bwana mwenye geji 20 alikuwa na ndege kadhaa tu wa kurudi nao, kisha akaenda zake hotelini. Tanzi hukaa usiku kucha, na likisahauliwa huendelea kuua hadi lioze.

Mwandishi alipomuuliza mzee nani huyatega, alinyamaza kidogo, akachora mstari mchangani kwa bakora yake. Mmoja, alisema, ni mjukuu wake mwenyewe. Kijana amemaliza shule, kazi hakuna, na kanga walifukua kunde za mama yake zilizopandwa wiki iliyotangulia. Amwambie nini? Mzee anataka ndege wabaki, na pia anataka kunde ziote. Wale wanaoandika mabango ya kuhifadhi mazingira mjini mara nyingi hawana shamba lililopakana na msitu.

Hata hivyo kijana huyo ameanza kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege. Anajua kororo hulala mti gani na huteremka saa ngapi. Wahenga walisema kanga hazai ugenini, na kweli mgeni peke yake anaweza kuzunguka siku nzima asione hata unyoya. Malipo si ya kila wiki, wala hayajatosha kumfanya aache matanzi yote. Babu yake anahesabu waya zilizobaki chini ya kitanda, naye kijana anajua kwamba zinahesabiwa.

Mwenye kutaka kujionea afike katika Hifadhi ya Taifa ya Shimba Hills, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1968, asubuhi lango linapofunguliwa. Humo, mbali na ndege, yupo palahala, swara mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma, ambaye nchini Kenya haonekani porini kwingine. Ndovu ni wengi, kwa hiyo usishuke garini ovyo. Maporomoko ya Sheldrick, yenye kimo cha zaidi ya meta 20, huendewa kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi. Familia ikichoka iteremke Diani, ambako mbega hupita juu ya barabara kwa ngazi za kamba walizotengenezewa ili wasigongwe na magari, au iingie Kaya Kinondo, mojawapo ya misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyowekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2008. Kusini zaidi, ukiipita Msambweni na Ramisi, mashamba yanafunguka, na kanga wa kawaida huonekana kando ya barabara hadi Lungalunga. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, ndege hao huwindwa kwa leseni. Kanga wenyewe hawana pasipoti.

Badala ya bunduki, beba darubini, nayo pia ina hesabu zake. Iliyoandikwa 8x42 hukuza mara nane, na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita 42. Msituni, penye kivuli, hiyo ni bora kuliko ile ya 10x25 ya kutia mfukoni, ambayo hukuza zaidi lakini huingiza mwanga kidogo na kutetemeka mkononi. Mtoto mpe 8x32, ambayo ni nyepesi. Mwonyeshe kwanza mti bila darubini, ndipo aiinue, la sivyo atatazama majani asubuhi nzima na kororo wamekwisha kuvuka njia.