Habari za Magombo ya Bahari ya Chumvi



Katika vijiji vya Bariadi nimeulizwa swali moja mara nyingi, na wanaouliza si watu wa ubishi. Husema hivi: "Mwalimu, Maandiko haya yaliandikwa zamani kwa mkono. Mtu alinakili kwa mwenzake, na mwenzake kwa mwingine. Twajuaje kwamba maneno hayakupotea njiani?" Wako vijana waliokaribia ubatizo ambao swali hili limewarudisha nyuma, kwa kuwa walipouliza walikemewa wanyamaze. Lakini kukemea si kujibu. Basi nimeona vema kuwaandikia niliyojifunza juu ya jambo hili.

Kwanza tufikiri habari ya kunakili. Kila mwalimu aliyewapa watoto somo wakalinakili ubaoni aijua kazi hii. Akikusanya madaftari, huona maneno ni yale yale. Ila huyu ameandika herufi l mahali pa r, kama tusemavyo sisi Wasukuma. Na yule jicho lake limeruka kutoka neno moja hata neno lile lile katika mstari wa chini, na yaliyo katikati yameachwa. Hata hivyo, akiyalinganisha madaftari yote atalipata somo zima, maana watoto hawakosei wote mahali pamoja.

Sasa sikilizeni habari ya magombo. Yapata mwaka 1947, vijana wa Kibedui wa kabila la Ta'amireh walikuwa wakichunga mbuzi karibu na Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi. Husimuliwa kwamba mmoja wao alitupa jiwe pangoni, akasikia mlio wa mtungi ukivunjika. Humo mlikuwa na magombo ya ngozi. Hata kufika mwaka 1956 mapango 11 yalikuwa yameonekana, yenye mabaki ya maandiko zaidi ya 900, mengi yao vipande vidogo tu. Yapata robo yake ni vitabu vya Agano la Kale. Kwetu sisi, kitabu kikiachwa sakafuni msimu mmoja wa mvua, mchwa hukimaliza. Lakini nchi ile ni kavu mno, na ngozi zile zilidumu miaka 2,000.

Lililo kubwa ni gombo la nabii Isaya. Lina sura zote 66, juu ya vipande 17 vya ngozi vilivyoshonwa pamoja, na urefu wake wapita mita 7. Liliandikwa yapata miaka 100 au zaidi kabla ya kuzaliwa Bwana wetu. Nakala kamili ya Agano lote la Kale kwa Kiebrania iliyo ya kale kuliko nyingine tulizo nazo iliandikwa Misri yapata mwaka 1008. Basi kati ya hizo mbili yako zaidi ya miaka 1,000 ya kunakili. Wataalamu walipozilinganisha, walimwona nabii yule yule, na ahadi zile zile. Tofauti ni nyingi, lakini zilizo nyingi ni za tahajia na maneno madogo.

Ziko pia tofauti zenye faida. Katika Isaya 53:11, gombo hili lasema kwamba Mtumishi wa Bwana, baada ya taabu yake, ataona nuru. Neno hilo "nuru" halimo katika nakala za Kiebrania za baadaye, ingawa tafsiri ya kale ya Kiyunani ilikuwa nalo. Tena, katika 1 Samweli 11 Nahashi Mwamoni ataka kuwang'oa watu wa Yabeshi-Gileadi macho ya kuume, wala hatuambiwi chanzo chake. Gombo moja la pango la nne laeleza kwamba alikuwa amekwisha kuwatenda hivyo Wagadi na Wareubeni, na watu 7,000 wakamkimbia wakaingia Yabeshi. Wengi hudhani jicho la mwandishi fulani liliyaruka maneno hayo. Wengine hudhani yaliongezwa.

Afrika nayo ina fungu katika habari hii. Waraka wa Yuda wataja unabii wa Henoko. Kitabu kiitwacho kwa jina lake kilisahauliwa katika sehemu nyingi za ulimwengu, lakini Wakristo wa Ethiopia walikitunza katika lugha ya Kigeez, na Kanisa lao hukihesabu kuwa Maandiko, ingawa letu halikihesabu. Msafiri James Bruce alipeleka nakala zake Ulaya mwaka 1773. Kisha katika pango la nne vikaonekana vipande vya kitabu hicho kwa Kiaramu, ambavyo J. T. Milik alivichapisha mwaka 1976. Baadhi ni vya kale kuliko kuzaliwa Kristo. Hivyo mapango yaliwashuhudia waandishi wa Kiafrika kwamba walikuwa wametunza kitabu cha kale kweli.

Walimu wenzangu, tusiwaambie watu kwamba nakala hazina tofauti hata moja. Siku moja watasoma wenyewe na kuziona, nao watadhani tuliwadanganya na katika habari ya wokovu. Tuwaambie kweli: Mungu aliliweka Neno lake katika mikono ya wanadamu, mikono hiyo iliteleza hapa na pale, lakini ilikuwa mingi na yenye uaminifu, na kwa kuilinganisha twaona lililoandikwa.

Nawe baba, mwanao akikuuliza swali hili jioni, usimfukuze. Fungua Isaya sura ya 53, msome pamoja, ukamwambie kwamba kabla Bwana hajazaliwa Bethlehemu, mtu alikaa akaiandika sura hiyo kwa wino juu ya ngozi, na ngozi hiyo ipo Yerusalemu hata leo.

Amani ya Bwana iwe nanyi nyote.

Ndimi ndugu yenu, katekista, Bariadi.