Tulishuka korongo la Ruzizi, tukala kwa wamama wa Mumosho



Kila mwaka ninafundisha mto Ruzizi katika darasa la sita. Ninachora ubaoni ziwa Kivu juu, ziwa Tanganyika chini, na mstari kati yao. Pembeni ninaandika: ziwa Kivu liko karibu mita 1460 juu ya usawa wa bahari, Tanganyika karibu mita 770, na urefu wa mto ni karibu kilometa 120. Watoto wanaandika, wanakariri, siku ya mtihani wanapata pointi zao. Mwaka huu mtoto mmoja akainua kidole na kuuliza: «Mwalimu, ule mto unashuka namna gani? Kama ngazi ao kama barabara?» Nikamjibu kama ngazi. Nikageuka ubaoni haraka, maana nilikuwa nimebahatisha. Nimezaliwa Bukavu, nimevuka daraja la Ruzizi mara nyingi nikienda upande wa Rwanda, lakini kushuka chini kule mto unakopita kati ya milima, sijawahi.

Neno hilo nililileta katika mkutano wetu wa siku ya posho. Wengine walicheka. Mama mmoja akasema yeye amezaa watoto saba, milima ameshapanda ya kutosha. Lakini juma lililofuata tulikuwa kumi na wanne walioandikisha majina, na mama prezidenti wetu, ambaye amepita miaka sitini, alikuwa wa kwanza kwenye karatasi.

Tulipatana na kikundi cha wamama wa Mumosho, kule kusini mwa Bukavu katika teritware ya Kabare. Wao walituahidi vitu viwili: kijana wa kutuongoza kwenye njia ya korongo, na chakula cha mchana tukirudi. Waliomba franka elfu kumi kwa kila mtu. Hapa ninaandika ukweli, na wenzangu wanisamehe: tulipunguza bei. Sisi wamama wa mji tunajua kubishana sokoni, tukasema elfu kumi kwa bugali na sombe ni nyingi, kwani sombe tunapika nyumbani. Tukavuta mpaka elfu sita. Walikubali, na tulirudi tukijisifu.

Tulitoka asubuhi sana kwa basi dogo, tukapita Panzi, tukaacha nyumba nyuma. Kijana kiongozi alikuwa anatungojea barabarani amevaa bote za mvua na fimbo mkononi. Akatuangalia miguuni kabla ya kutusalimia. Wawili wetu walikuwa na kandambili. Hakusema kitu, aliingia katika nyumba ya jirani akatoka na viatu vya kufunga vya dada zake, akavipiga piga kutoa udongo, akawapa. Halafu akauliza kama kila mtu ana kadi yake ya mpiga kura, kwa sababu mto ule ni mpaka wa nchi, na askari wanaweza kuuliza. Akatuomba pia tusitoe simu kupiga picha za baraji. Tukaanza kushuka.

Njia inaanza kati ya mashamba ya muhogo na ndizi. Mwanzo ni pole, mnazungumza mbili mbili. Kisha mlima unakatika, na mashamba yanaendelea palepale. Tulikuta mama analima mahali ambapo sisi hatukuweza kusimama bila kushika kitu. Mguu mmoja alikuwa ameuegemeza kwenye jiwe, mwingine ameuchimbia shimo, na jembe lilikuwa linakuja kuelekea kwake. Mtoto alikuwa amelazwa juu kidogo, ndani ya kitenge, kati ya mawe mawili ili asiviringike. Alitusalimia bila kuacha kulima. Pale mazungumzo yetu ya mbili mbili yakaisha, kila mtu akaanza kutazama mahali pa kuweka mguu.

Maji tuliyasikia kabla ya kuyaona. Kwanza ulikuwa mngurumo kama wa gari kubwa linalopanda mlima bila kufika. Baadaye unasikia chini ya miguu. Tulishikana mabegani, mfupi mbele na mrefu nyuma, na kijana akawa anarudi kila mara kumpa mama prezidenti fimbo. Katikati ya mteremko mama prezidenti akakaa juu ya jiwe, akasema: «Magoti yangu yamefika. Nyinyi endeleeni, mutanihadithia.» Binti mmoja alibaki naye. Sisi wengine tukafika mahali ambapo njia inatokeza kwenye mwamba, na mto ukaonekana.

Watoto wangu wa darasa la sita, mama zenu wakiwasomea hii, mujue kwamba nilibahatisha vizuri. Ni ngazi. Maji yanakuja meupe, yanaanguka, yanajikusanya kijani kwenye kisima, yanaanguka tena. Kuta za pande zote mbili zimesimama, mawe ni meusi, na upande wa pili ni Rwanda, karibu sana. Kule ng'ambo mtu alikuwa anakata kuni, tuliona shoka linashuka kwanza, kisha sauti ikafika.

Wenzangu waliniambia: mwalimu, sema basi. Nikasema ninachokijua. Zamani sana maji ya ziwa Kivu hayakupita huku. Yalielekea kaskazini, njia ya ziwa Edward na mto Nile. Halafu volkano za Virunga, kule Goma na Rutshuru, zikatapika na kujijenga mpaka zikaziba njia. Maji yakakosa pa kutokea, ziwa likapanda mwaka kwa mwaka, likajaza mabonde, mpaka likapata mahali pa chini upande wa kusini, pale Bukavu ilipo leo. Likamwagika. Ruzizi ndiyo mahali pale pa kumwagikia, na kwa hesabu ya dunia bado ni mto kijana, ndiyo maana unakimbia na kuchimba hivi. Karibu mita 700 za kushuka hadi Tanganyika, na sehemu kubwa ya mteremko huo iko kati ya Bukavu na Kamanyola. Kutoka Kamanyola mto unatulia katika ile tambarare ya mpunga tunayoijua.

Mteremko huo ndio unaotupa umeme. Baraji ya kwanza ilijengwa karibu na mji mwishoni mwa miaka ya 1950, na ya pili, Ruzizi II, hapo Mumosho, ilianza kazi mwaka 1989, na umeme wake unagawanywa kwa nchi tatu: Congo, Rwanda na Burundi. Tukiwa pale mwambani waya kubwa zilikuwa zinapita juu ya vichwa vyetu, na ukinyamaza unasikia zinavyolia kama nyuki. Kijana kiongozi akanyosha fimbo juu, akafuata waya ule mpaka kwenye kilima tulichotoka. «Unapita juu ya nyumba ya mama yangu,» akasema. «Tangu nizaliwe haujashuka.»

Chini kidogo ya mwamba kuna mahali maji yanazunguka polepole nyuma ya mawe. Pale palikuwa pamejaa chupa za plastiki, mifuko, kandambili moja moja, kifuniko cha ndoo, na sahani ndogo ya mtoto, nyekundu. Mama mmoja wetu wa Kadutu aliitazama sahani muda mrefu, akasema anayo ya namna ileile nyumbani. Hakuna mtu aliyecheka. Sisi tunajua njia yake. Takataka tunamwaga kwenye mfereji, mvua inazipeleka mto Kawa, Kawa inaingia ziwani, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea. Kwenye baraji ya kwanza wafanyakazi wanaingia katika mitumbwi kuzitoa kwa mikono, na zikizidi zinaziba mashine, umeme unakatika. Nimewahi kukaa gizani nikilalamika juu ya kukatika huko, na ndoo yangu ya takataka nilikuwa nimeimwaga asubuhi ileile mahali ninapopajua.

Kupanda sitasimulia sana. Tulipanda kama wazee. Mama prezidenti tulimkuta amepumzika vizuri, na akatuongoza juu kama vile yeye ndiye aliyefika mbali.

Sasa chakula. Nataka nikae hapa kidogo.

Wamama wa Mumosho walitupokea chini ya mti wa avoka, mikeka imetandikwa, beseni ya maji na sabuni. Nilipokuwa nanawa nikaona kando ya jiko madumu ya njano, nane, mengine bado yana maji. Nikauliza kama bomba liko karibu. Mama mwenye nyumba akanionyesha kwa mdomo ile njia tuliyotoka kupanda. Kuna chemchemi katikati ya mteremko. Tuliipita bila kuiona. Walikuwa wameshuka saa kumi na moja ya asubuhi, na tena mara ya pili, kwa ajili ya sisi kunawa na kunywa na kwa ajili ya sombe. Makala walinunua, kwani kuni za mvua zinatoa moshi kwa wageni. Nikatazama wenzangu. Kila mmoja alikuwa anahesabu ile elfu sita yake.

Sombe lilikuwa limetwangwa kwa kinu, si kwa mashine, na limechemka tangu usiku ulipoisha, na mawese, vitunguu na bilinganya ndani. Ukilionja unajua tofauti: la mashine linakuwa kama tope, hili lina uzi. Bugali ulikuwa wa muhogo na mahindi kidogo. Mama aliyeusonga alituambia muhogo wao mchungu wanauloweka siku tatu mpaka nne kabla ya kuanika, hata njaa ikiwa kali namna gani, na anawagombeza mabinti wanaofupisha siku. Ana haki. Muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, ukiliwa siku kwa siku bila kitoweo, unaleta konzo, ile maradhi inayolemaza miguu ya watoto na ya wamama, na kwetu Kivu ya Kusini imeonekana. Kulikuwa na maharagi, kulikuwa na lenga-lenga, na mashanza, ile jibini nyeupe ya Bushi, iliyofungwa katika jani la ndizi. Kwa kunywa walileta mutobe kwa wote, na kasiksi kwa wale ambao majina yao sitayaandika hapa.

Na sambaza. Zilikaushwa, zikakaangwa na nyanya na pilipili, kichwa na mkia pamoja. Ilibidi niseme tena kama mwalimu, mdomo ukiwa umejaa. Sambaza si samaki wa ziwa Kivu tangu mwanzo. Ni jamii ya ndagala wa Tanganyika. Kwa ngazi ile tuliyoiona hakuna samaki mdogo angeweza kuipanda. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu ndio waliobeba vifaranga vyake kutoka Tanganyika wakavimwaga Kivu, na vikazaa. Bibi zetu walioolewa kabla ya hapo hawakuzijua katika ziwa letu. Mama mmoja mzee wa Mumosho akaitikia kwa kichwa: mama yake alikuwa anaziita samaki za wazungu, na mwanzoni alikataa kuzipika.

Baada ya kula, mtunza sanduku wetu alituita pembeni. Hatukuzungumza sana. Kila mtu akaongeza franka elfu nne, na wawili ambao hawakuwa nazo wakakopeshwa kutoka likelemba. Tukampelekea mama mwenye nyumba zikiwa zimekunjwa ndani ya bahasha, na mama prezidenti akaanza maneno ya kushukuru, kwamba ni zawadi yetu ndogo.

Yule mama hakuipokea bahasha. Aliweka mikono nyuma. «Mama yangu,» akamwambia prezidenti, kwa heshima, «zawadi utaniletea siku nikizaa ao nikifiwa. Hii ni bei tuliyowaambia tangu mwanzo. Kama ni bei, nitapokea. Na mwalimu wenu huyu anayeandika, aiandike, ili watakaokuja wasianze tena kuvutana.»

Prezidenti akasema ni bei. Ndipo mikono ikaja mbele. Akahesabu mbele yetu sote, akatoa sehemu ya kijana wa njia, akamwita akampa papo hapo.

Basi ninaandika kama nilivyotumwa. Bei ni franka elfu kumi kwa kila mtu, kiongozi na chakula pamoja. Safari ya pili tunaitaka wakati wa kiangazi, njia ikiwa kavu, maana wakati wa mvua udongo ule unateleza na kijana amekataa kushusha watu. Majina yataandikwa na katibu siku ya posho, watu kumi na wanne tu, kwa kuwa madumu yao ni nane. Kila mama aje na viatu vya kufunga, kadi ya mpiga kura, na kitenge cha kukalia. Anayekunywa maji ya chupa njiani, chupa yake arudi nayo Bukavu. Wenye magoti mabaya waje pia. Lile jiwe la mama prezidenti lina kivuli, na kutoka pale mngurumo unasikika vizuri.