Mtoto Mdogo Tumboni: Neno, Kipimo na Haki ya Mama

Hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura ambamo Kiswahili kimetia mizizi kama ilivyo kwa jirani zetu wa Buyenzi, nimesikia mara nyingi mjamzito mwenye tumbo dogo akifarijiwa: "Usihofu, mtoto mdogo huzaliwa kwa urahisi." Ni maneno ya upendo, lakini yaweza kuficha hatari. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mkunga. Basi nianze na msamiati.

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Mtoto mwenye uzito pungufu huzaliwa akiwa chini ya gramu 2,500. Yuko pia wa tatu, ambaye hana jina fupi katika lugha yetu: yule asiyekua inavyopasa angali tumboni. Njiti amewahi kutoka. Huyu amechelewa kukua. Tukiwachanganya, tutangoja azaliwe ndipo tumhangaikie, ilhali alipaswa kutambuliwa mapema.

Hutambuliwaje? Mkunga hupima kwa utepe, kuanzia mfupa wa kinena hadi kilele cha mji wa mimba. Baada ya wiki ya 24, sentimita hukaribiana na wiki: wiki 30, takriban sentimita 30. Tofauti ikizidi sentimita 3, uchunguzi zaidi wahitajika. Kipimo kikiwa kidogo, pengine shinikizo la damu limedhoofisha kondo la nyuma, au vijidudu vya malaria vimejificha humo hata kama mama hana homa. Kikiwa kikubwa, huenda ni kisukari au mapacha. Wakati mwingine ni hesabu ya wiki tu iliyokosewa.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mfululizo wa vipimo ndio unaoonyesha mwendo wa mtoto. Kwa sababu hiyo kuhudhuria kliniki mara kwa mara kuna maana, na tangu 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mahudhurio 8 badala ya 4. Burundi iliondoa malipo ya kujifungua katika vituo vya umma mwaka 2006. Ni haki kubwa, lakini anayefika siku ya uchungu tu amekwisha kupitwa na nafasi ya kupimwa.

Basi jifunze swali hili, umfundishe na dada yako: "Mimba yangu ina wiki ngapi, na utepe umeonyesha sentimita ngapi?" Sarufi yake ni nyepesi. Jibu lake ni haki ya kila mama.