Krismasi Tumebaki Jericho

Ukitaka kujua wangapi kati yetu huita Nairobi nyumbani, pita Machakos Country Bus tarehe 23 Desemba. Hakuna pa kukanyaga. Watu wamebeba mikate, mafuta ya kupikia, hadi godoro limefungwa juu ya basi. Nauli imepanda na bado viti vinapiganiwa. Ikifika Krismasi yenyewe, huku Jericho kunakuwa kimya mpaka unasikia redio ya nyumba ya nne.

Hii safari tuliirithi. Mkoloni alimhesabu Mwafrika kama mgeni mjini: aje afanye kazi, avae kipande shingoni, apewe pa kulala huku Eastlands, bibi na watoto wabaki kijijini. Kipande kiliisha zamani, lakini ile hesabu tulibaki nayo. Babu yangu alikaa Shauri Moyo karibu maisha yake yote ya kazi, na hakuna siku alipaita nyumbani.

Mwaka jana mimi na mke wangu tuliketi tukapiga hesabu. Nauli ya watu watano, Kakamega kwenda na kurudi, halafu Januari na ada zake zinakungoja mlangoni. Tukaamua tunabaki. Mamangu hakugomba. Alisema tu, "Sawa, baba. Basi huyo jogoo nitamwacha aishi." Heri angegomba.

Watoto nao walikuwa na maswali yao. Kitinda mimba, miaka saba, aliniuliza, "Si Yusufu pia alienda ushago?"

"Alienda kuhesabiwa, Bethlehemu."

"Na akakosa chumba?"

"Akakosa."

Akafikiria kidogo. "Lakini mamake Yesu alikuwa hapo. Na babake. Basi ilikuwa sawa."

Sikuongeza kitu.

Asubuhi ya Krismasi kanisani viti vilikuwa nusu. Mchezo wa watoto ulikosa mamajusi wawili, walikuwa wamesafiri, kwa hivyo binti yangu mkubwa alibeba dhahabu, uvumba na manemane peke yake, leso kichwani. Tulitoka hapo tukapika. Nyama nilikuwa nimetoa soko la Burma jana yake, chapati nikakanda mwenyewe. Tukatoa meza nje, na waliobaki wakaanza kujitokeza mmoja mmoja: soja anayelinda duka usiku, akiwa bado na macho ya usingizi, kijana wa mkokoteni aliyekosa nauli, na mama mmoja ambaye wakwe walimfukuza bwanake alipokufa, hana ushago wa kwenda. Miaka yote hiyo walikuwa hapa. Mimi ndiye nilikuwa kwa basi.

Watoto ndio waligawa chapati. Yule mama alipewa ya kwanza bila mtu kuwaambia.

Jioni tulimpigia kukhu, simu tukaiweka sauti juu. Akawauliza wamekula nini.

"Chapati!"

"Nani alikanda?"

"Baba!"

Kimya kidogo, halafu akacheka mpaka simu ikakwaruza. Wiki nzima sikuwa nimemsikia akicheka. Alipotulia aliniambia, "Mlete hao watoto Aprili, shule zikifungwa. Jogoo bado yuko."