Kuihifadhi Sauti ya Mama



Huku kwetu Garissa, elimu nyingi hupokewa kwa sikio. Kisomali hakikupata hati rasmi mpaka mwaka 1972, na hata baadaye mashairi na salamu za jamaa zilisafiri kwa kaseti. Mama yangu mzazi ametimia miaka 80, na kifuani mwake mna nasaba na visa visivyo kitabuni. Ndiyo sababu nimetenga chumba nyumbani cha kumrekodia.

Vifaa ni kompyuta, maikrofoni, na kisanduku kinachogeuza sauti kuwa tarakimu, kinachounganishwa kwa waya wa USB. Nimechagua maikrofoni ya dainamiki: haihitaji umeme wa volti 48 kama ile ya kondensa, wala hainasi upesi kelele za mbali. Naiweka shubiri moja kutoka kinywani, upande kidogo, pumzi isivume. Sauti naiacha ifike kama desibeli 12 chini ya kilele, kwani ikipita kilele hupasuka, wala haitengenezeki tena. Magodoro ukutani humeza mwangwi. Pangaboi huzimwa, kwa joto letu, basi, hurekodi baada ya Alfajiri.

Kila mara namwomba idhini kwanza, maana sauti ni amana: yako ya wajukuu wote, na yako ya mabinti zake pekee. Nakala ya pili hukaa kwa dada yangu.

Enyi akina mama, msingoje vifaa. Simu yatosha kuanzia, maadamu wazee wangali nasi. Allah awape umri wenye baraka. Amin.