Rafiki Yangu wa Upande wa Pili

Wahenga walisema kuwa akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo niliikariri tangu shule ya msingi, lakini maana yake niliijua mwaka 2006, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa ya serikali jijini Dar es Salaam. Naomba nikusimulie, kwani huenda nawe unaye kijana anayesoma pamoja na watoto wa hali mbalimbali.

Sare yetu ilikuwa moja. Ada nayo ilikuwa moja, shilingi 20,000 kwa mwaka, ambayo ilikuja kufutwa Januari 2016. Lakini sare haikuweza kuficha kila kitu. Walikuwapo waliofikishwa langoni kwa magari ya baba zao kutoka Masaki na Oysterbay. Na tulikuwapo sisi wa Manzese na Tandale, tuliosukumwa mlangoni na makondakta wa daladala kwa sababu nauli ya mwanafunzi ilikuwa ndogo. Wao tuliwaita "watoto wa geti", nao wakatuita "Uswahilini". Kila kundi lilikuwa na mwembe wake wa kupumzikia na timu yake ya kandanda.

Rafiki yangu, ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa mtoto wa geti. Tulikalia dawati moja tangu kidato cha kwanza. Yeye alikuwa na kitabu cha hisabati, mimi nilikuwa mwepesi wa hesabu. Basi kitabu kilikaa katikati yetu. Wenzake walimcheka, wenzangu walinisema.

Ijumaa moja timu hizo mbili zilipambana. Mchezo uliishia kwa matusi, kisha mawe. Jiwe moja likavunja kioo cha dirisha la maabara. Nilimwona aliyelitupa: jirani yangu wa Manzese, mtoto wa mjane aliyekuwa akiuza maandazi. Jioni ile wenzangu wakakata shauri kwamba asingiziwe rafiki yangu. "Baba yake atalipa tu," walisema. Sikukubali, wala sikukataa.

Jumatatu alitajwa. Mwalimu alipouliza kama yupo mwenye neno, nilitazama viatu vyangu. Rafiki yangu alichapwa viboko, akarudishwa nyumbani wiki nzima. Baba yake alilipa kioo bila kumwuliza mwanawe lolote. Aliporudi aliketi, akafungua kitabu, akakiweka katikati kama kawaida yake. Nilipomwomba radhi kwa sauti ya chini, alinijibu, "Nilijua ulimwona. Nilikuwa nakungoja wewe useme."

Siku ile sikula. Mama aliponidadisi, nilimweleza yote. Hakunipiga. Alijitanda khanga, tukaenda kwa yule mjane. Na asubuhi iliyofuata wazazi hao wawili walisimama mbele ya mwalimu, mimi na jirani yangu nyuma yao. Fedha za kioo zilirudishwa kwa baba wa rafiki yangu kidogo kidogo, kwa muda wa miezi mitatu. Miezi yote hiyo nilimsaidia mjane yule kubeba beseni la maandazi hadi kituoni kabla ya kwenda shule. Chini ya mwembe wetu niliitwa msaliti, na hakuna aliyenipisha nikae.

Wapo watakaosema kwamba nilipaswa kusimama na wanyonge wenzangu. Kumtetea mnyonge ni wajibu wetu sote. Lakini kumtwisha asiye na kosa mzigo wa mwingine, eti kwa kuwa kwao kuna fedha, si utetezi hata kidogo. Ukweli ule ulimgharimu mjane jasho la miezi mitatu, nami sitasema kwamba gharama hiyo ilikuwa ndogo.

Mzazi mwenzangu, kijana wako akikuletea rafiki nyumbani, usiharakishe kuuliza baba yake ni nani. Muulize mwanao kama atathubutu kusimama na kusema siku rafiki huyo atakaposingiziwa. Nawe, ukiletewa mashtaka juu ya mwanao, msikilize kabla hujatoa pochi.

Mwaka 2007 tulifanya mtihani wa kidato cha nne. Tuliusomea kwa kitabu kile kile, kikiwa katikati yetu.